Nyumba ya Marumaru na Harufu ya Krismasi

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kufukiza nyumba,

Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kabla Desemba haijawakuta. Naandika polepole, kwa hiyo nimeanza mapema. Mtacheka nikisema nimestaafu, maana nina miaka thelathini na mbili tu, lakini kifua changu kimekula moshi miaka kumi na minne na daktari wa zahanati amenikataza kusogelea chetezo. Siku hizi napalilia kakao za baba. Pua yangu bado iko kazini hata hivyo. Nikipita mlangoni kwa mtu najua amepika nini, na najua kama amekipika leo au jana.

Nianze na pua, kwa sababu wengi wenu mnaanza na mkaa. Mnawasha, mnamwaga ubani, mnasubiri kusifiwa. Mimi nilianza hivyohivyo, Bi Saida akanizuia.

Bi Saida alikuwa na duka la viungo Kyela mjini. Babu yake alitoka upande wa Kilwa na mzigo wa karafuu, hakurudi tena. Kazi ya Bi Saida ilikuwa kufukiza nyumba za harusi na za Idi. Majirani zake Wakristo walikuwa wanapita nje, wananusa, wanauliza, mwisho wakaanza kumwita na wao wakati wa Krismasi. Binti zake walikuwa wameolewa mbali, ndiyo maana alinikubali mimi, kijana wa kiume, ingawa sokoni wasichana walinitania kwamba leo Lusajo ananukia bibi harusi. Niliona aibu sana. Aibu ndiyo imenisumbua katika kazi hii kuliko moshi, mtaona mbele.

Nyumba ya kwanza aliyonipeleka ilikuwa ya watu wa Itungi. Hakunipa chetezo. Alinikalisha kwenye kiti sebuleni, akaniambia nifumbe macho na nimtajie ninachonusa.

"Usipa," nikasema, yaani dagaa wa ziwa letu.

"Wapi?"

"Uvunguni, chumba cha pili."

"Nenda kautoe. Ukifukiza juu ya usipa utapata usipa wenye ubani, na mwenye nyumba atakulaumu wewe, usipa hataulaumu."

Tulitoa gunia la usipa, tukatoa viatu vya mvua, tukatoa godoro lililolowa, tukafungua madirisha yote mpaka mchana. Moto tuliwasha baada ya hapo. Nyumba ikishakuwa tupu ya harufu, kitu kidogo kinatosha. Kijiko kimoja cha ubani kwa vyumba vitatu, basi. Mkaa uwe umeshavaa jivu jeupe kote. Ukiwa na weusi hata kidogo, utafukiza mkaa.

Kwa Krismasi, Bi Saida alipenda vitu visivyo na moshi mwingi, maana nyumba zinajaa watoto na wazee. Mambo hayo yashikeni, yatawalindia vifua. Maganda ya machungwa anikeni juu ya bati siku nne, yakauke mpaka yavunjike mkononi. Mchaichai upondeni shina, siyo jani, harufu iko chini kule karibu na mzizi. Ndimu ichomekeni karafuu kuizunguka na muiweke dirishani upepo unakoingilia, siyo unakotokea. Mdalasini na iliki zichemsheni kwenye chungu cha udongo juu ya moto mdogo, maji yakipungua ongezeni ya moto, mkiongeza ya baridi chungu kitapasuka na harufu itakatika. Nami nimevipasua vitatu kabla sijaelewa.

Na kakao. Hili mtalijaribu tu, najua, kwa sababu maganda yake yamejaa kila mahali kwetu na yakikauka vizuri yakichomwa kidogo yana utamu fulani. Niliwaza kwamba nimevumbua jambo. Nilimfukizia mzee mmoja wa kanisa kule Mwaya kwa maganda ambayo nilidhani yamekauka. Ndani yalikuwa na unyevu, yalikuwa yamechacha. Mchungaji alipofika kumtembelea alisimama mlangoni akauliza kwa upole ni nani humu anayepika pombe. Yule mzee alinitazama mwaka mzima kila Jumapili. Kakao ikauke wiki mbili, wadogo zangu, na muivunje katikati muinuse ndani kabla ya kuiwasha.

Sasa niwaambie habari ya Bibi Subilaga, ambayo ndiyo hasa nilitaka kuiandika.

Kule Ngonga kuna mtu anaitwa Anyitike, anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Alijenga nyumba nzuri, bati jipya, marumaru sakafuni mpaka vyumbani. Mama yake, Bibi Subilaga, ni Mkisi wa ziwani, amefinyanga vyungu tangu usichana wake. Aliishi peke yake kwenye nyumba yake ya udongo ufukweni. Miaka hii ziwa limepanda. Lilikuwa limeshakula mahali pa kuanikia usipa, likafika karibu na nyumba, na ukuta wa upande wa ziwa, ule ambao kitanda cha bibi kiliegemea, ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza vidole. Mvua zilikuwa zinaanza.

Mara tatu Anyitike alimleta mama yake Ngonga. Mara tatu bibi alilala usiku mmoja au miwili, akaita bodaboda, akarudi zake. Alisema nyumba ile hainuki kitu na yeye hawezi kulala mahali pasipo na harufu, ni kama kulala ndani ya sahani.

Anyitike alikuja kwangu dukani kwa Bi Saida, akasimama karibu na mizani akaongea taratibu.

"Amekubali kuja kula Krismasi," alisema. "Akilala kwangu siku hiyo na akapaona ni nyumbani, atabaki masika yote. Akirudi kule, ule ukuta utamwangukia. Naomba unitengenezee nyumba inukie Krismasi."

Nikasema sawa. Sikumuuliza hata swali moja. Nilimwonea haya, mtu mzima mwenye shida, nikaona kuuliza ni kumchelewesha.

Tarehe ishirini na mbili nilifanya kazi siku nzima. Mke wake, mama Gwamaka, ni mwanamke mchangamfu ambaye alikuwa ameshanunua dawa ya kopo yenye picha ya maua, nikamwomba aiweke kando, akaiweka huku akisema haya, tuone ya mtaalamu. Nilisafisha, nikafungua madirisha, nikaning'iniza mchaichai, nikaweka ndimu za karafuu. Halafu kwa sababu nilitaka isiwe ya kawaida nikatoa udi mzuri kabisa wa Bi Saida na ubani, nikafukiza vyumba vyote, pazia kwa pazia. Sijawahi kufukiza nyumba vizuri kuliko ile.

Jioni jioni bodaboda ikamshusha bibi na kifurushi chake. Akapanda ngazi ya barazani, akafika mlangoni, akasimama. Akavuta pumzi. Uso ukambadilika.

"Nani amekufa?" akauliza.

Tukamwambia hakuna aliyekufa, karibu bibi. Hakuingia.

"Gwamaka yuko wapi?"

Gwamaka, mjukuu wake wa pekee wa kiume, alikuwa ametumwa sokoni. Mama yake akasema hivyo. Bibi akamtazama kama mtu anayefichwa jambo, akaketi palepale kwenye ngazi na kifurushi mapajani, akakataa maji. Tulikaa hivyo karibu saa nzima mpaka mtoto alipotokea na baiskeli na kabichi mbili. Bibi akamshika mkono, akaugeuza, akaushika na wa pili. Kisha akamwambia yule kijana wa bodaboda, ambaye hakuwa ameondoka kwa sababu naye alitaka kujua nani amekufa, amrudishe.

Baadaye ndiyo nilielewa. Kijijini kwao ufukweni kulikuwa na familia moja tu ya Waislamu, wafanyabiashara. Bibi hakuwahi kuingia kwao wakati wa harusi. Aliingia wakati wa misiba, kuwapa pole. Udi na ubani alivinusa humo tu, maisha yake yote. Mimi nilimkaribisha Krismasi kwa harufu ya maiti.

Anyitike hakunigombeza. Alisema, "Nilikuita umlete mama yangu, umemrudisha ziwani." Halafu akaingia ndani akafungua madirisha.

Asubuhi nilimweleza Bi Saida. Nilitegemea atacheka, maana hucheka. Aliacha kupima binzari.

"Ulimuuliza Krismasi yake inanukaje?"

"Nilielezwa na mwanawe."

"Mwanawe ndiye anayetakiwa kulala?" Akanisogezea baiskeli yake mwenyewe. "Pua unayo, Lusajo. Mdomo umeuacha wapi?"

Nikapanda baiskeli mpaka ziwani, njia nzima nikipanga maneno na kuyapangua. Nilimkuta bibi amekaa nje, anachambua mboga, maji ya ziwa yakigonga karibu sana na pale alipokaa.

"Mugonile, bibi," nikamsalimia.

"Wewe ndiye wa msiba."

"Ndiyo, bibi."

Akanionyesha kigoda. Nikaketi, nikafanya kile ninachokijua, nikanusa. Jivu baridi. Udongo mbichi. Moshi wa miaka mingi kwenye nyasi za paa. Mchaichai pembeni ya mlango, huo ulikuwa wake mwenyewe hata kabla ya ule niliouning'iniza mimi. Niliupenda mchanganyiko huo na nikajua pia kwamba hapo hapana Krismasi, hapo pana siku zote. Nikaangalia miguu yangu nikauliza swali langu la kwanza la kazi hii, baada ya miaka sita ya kuifanya.

"Bibi, Krismasi ya hapa ilikuwa inanukaje?"

Alinitazama kama nimemuuliza ladha ya maji. Akasema haikunuka kitu, ilinuka Krismasi. Akachambua, akachambua, halafu mikono ikasimama.

Akaniambia kwamba kila mwaka kabla ya sikukuu walikuwa wanachoma vyungu vingi kuliko siku nyingine, kwa sababu watu walitaka vipya. Katika vyungu vile alikuwa anachagua kimoja kisichouzwa. Siku ya kuamkia Krismasi anasiriba sakafu kwa udongo mpya, na sakafu ikiwa bado mbichi anakiteleka chungu kile kwenye mafiga, ndani yake maji na pumba za mchele. Pumba zinachemka mpaka zinafurika na kuungua ubavuni. Hiyo ndiyo inaziba matundu ya udongo ili chungu kisivuje. Uji ule unamwagwa, makoko yanabanduliwa, ndipo kinapikiwa chakula cha sikukuu.

"Chungu kikianza kutoa jasho," alisema, "watoto wanajua imefika. Anyitike alikuwa analamba yale makoko, nimchape, alambe tena."

Nikauliza la pili, sasa lilikuwa rahisi. Chungu cha mwaka huu kiko wapi? Akasema hakuna, machimbo ya udongo yako chini ya maji. Kipo cha mwaka jana. Hakikuchemshwa, kwa kuwa mwaka jana alikula Krismasi kwa mwanawe na kule wana jiko la gesi.

"Nipe nikakichemshe kule Ngonga," nikasema.

"Hicho hakichemshwi na mtu mwingine."

"Basi uje ukichemshe wewe."

"Kwenye gesi?"

"Kwenye mafiga, bibi. Na sakafu itakuwa imesiribwa."

Hakusema ndiyo. Alisema nimwambie kijana wa bodaboda aje kesho mchana, atamjibu yeye.

Nikarudi Ngonga na mfuko wa udongo wa kusiribia, niliouchimba njiani, nyuma ya baiskeli. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo hamtalisikia kutoka kwa mtu mwingine yeyote, kwa hiyo lisomeni vizuri. Nilikuwa nimeahidi sakafu iliyosiribwa. Bibi atapita barazani. Baraza ina marumaru. Asubuhi ya tarehe ishirini na nne, Anyitike akiwa mashineni na mkewe akiwa kisimani, mimi nikapiga magoti nikaisiriba baraza ya marumaru, yote, kwa mkono, kwa nusu duara kama wanavyofanya mama zetu. Ilipendeza kwa muda wa saa moja. Jua lilipoifikia ikaanza kujikunja pembezoni. Udongo haushiki kitu kinachong'aa. Kuku wakapita, vipande vikainuka vikawafuata miguuni. Gwamaka na wenzake wakagundua kwamba ukikanyaga panalia kama chapati kavu, wakakanyaga pote, wakaingia nao ndani.

Mama Gwamaka akarudi na ndoo kichwani. Aliitazama baraza, akanitazama mimi na mikono yangu.

"Kaka Lusajo," akasema, "juzi ulitufanyia msiba. Leo unatuzika kabisa?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata ardhi yenyewe ilikuwa imekataa kukaa pale. Nikamweleza yote, chungu, pumba, sakafu mbichi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kutua ndoo. Kisha akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba.

"Jiko la nje lina sakafu ya udongo. Hukuliona?"

Nilikuwa nimeliona. Lilikuwa la mafundi wakati nyumba inajengwa, sasa walitunzia magunia matupu na kuku walitagia humo. Sikulihesabu kuwa sehemu ya nyumba. Niliitwa kunukisha nyumba, nikanukisha kilichoitwa nyumba. Mama Gwamaka alitoa magunia, mimi nikatoa kuku. Tulisiriba pamoja, na yeye alikuwa fundi kuliko mimi, amezaliwa kwenye sakafu ya namna hiyo ingawa sasa anapiga deki. Tukaweka mafiga matatu. Pumba zilikuwepo tele, mumewe anakoboa. Ubani sikuutoa hata kwenye kikapu.

Bibi alifika alasiri, chungu kimefungwa kwenye kanga mapajani, bodaboda imetembea polepole njia nzima kama imebeba mtoto. Alisimama nje ya jiko, akavuta pumzi, mimi nikaacha kuvuta yangu. Akavua viatu akaingia.

Nataka mjue harufu ile ilivyokuwa, kwa sababu nimeitafuta tena mara nyingi kwa vitu vya dukani nikashindwa. Haikuwa tamu. Kwanza ilikuja kama mvua ya kwanza inapopiga vumbi, hiyo ni udongo wa chungu unapopata joto. Halafu pumba zikaanza kunuka kama ghala la mpunga. Zilipofurika na kuungua ikawa kama mkate uliosahauliwa motoni, na chini ya yote ile sakafu mbichi. Ilitoka jikoni, ikapita uani, ikaingia kwa dirisha la nyuma kwenye vyumba vya marumaru bila mtu kuipeleka.

Anyitike alirudi kutoka mashineni mweupe kwa vumbi la pumba. Alifika kwenye kona ya nyumba akasimama. Aliingia jikoni, mtu mwenye miaka arobaini na kitu, akapitisha kidole ubavuni mwa chungu akakipeleka mdomoni. Bibi akamchapa mkono kwa mwiko.

"Cha moto," akasema.

Nikajiondokea. Niliamini nimeshinda.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, nilikwenda kuchukua chetezo changu nilichokisahau. Nikamkuta mama Gwamaka barazani. Nikamuuliza kama bibi amelala.

"Amelala," akasema. "Jikoni."

Walikuwa wamemtandikia chumbani, shuka mpya, chandarua kipya. Yeye alitandika mkeka wake karibu na mafiga. Anyitike alimsihi, akakasirika, akasihi tena. Bibi akamwambia, "Ulitaka nije, nimekuja. Pa kulala nachagua mwenyewe." Na Anyitike alipoona kwamba hakuna bodaboda iliyoitwa wala siku hiyo, wala kesho yake, wala mwaka mpya ulipoingia, aliacha kubishana. Alileta kitanda jikoni. Akatoboa dirisha. Akaezeka upya.

Masika yalipochanganya, ule ukuta wa ziwani ulianguka, wa upande wa kitanda, na paa likaufuata. Ndani hamkuwa na mtu. Anyitike alikwenda kumwambia mama yake, akamkuta anapepeta mchele, akamweleza. Bibi aliuliza kama kinu kimepona. Kilikuwa kimepona, akasema basi kileteni.

Kile chumba cha marumaru walichomtandikia bibi wanawekea magunia ya mchele siku hizi. Mama Gwamaka anasema sasa ndiyo kinanukia. Nilipopita juzi nilimkuta bibi ametoka kuoga, amesimama mlangoni mwa chumba hicho na taulo begani, macho kafumba, ananusa. Halafu akarudi jikoni kwake.